Kiti cha Nyarloka

Jumatatu, 5 Mei

Filta imejaa sam tena. Hawa wadudu wa ziwa wakihama wanahama wote, na wote wanataka kulala ndani ya mashine yangu. Nimeigonga filta ukutani, nimeipuliza, nimeirudisha. Oili sawa. Grisi magurudumu ya mbele. Kisu cha kushoto kimeliwa na jiwe, nimekinoa. Saa tatu hadi saa sita nilikuwa juu yake, kutoka geti mpaka ufuoni, mistari imenyooka. Wageni wawili walinipiga picha.

Miaka kumi na moja hoteli hii ina mashine moja ya kukata nyasi ile ya kukaliwa, na mtu mmoja wa kuikalia. Mimi. Hata jina nilimpa mimi: Nyarloka, binti wa ng'ambo. Karungu nzima hakuna mwingine kama yeye.

Jumanne, 6 Mei

Madam meneja ameniita ofisini. Harusi zote ni Jumamosi, anasema, na mimi Jumamosi ni Msabato. Asubuhi ya harusi nani atakata nyasi? Nikasema nitakata Ijumaa kabla jua halijazama. Akasema kwa mvua hii nyasi za Ijumaa zinaamka ndefu Jumamosi. Nimfundishe mtu. Awino wa dobi.

Awino! Wa mashuka! Mwembamba kama kamba yake ya kuanikia nguo. Nimesema sawa, Madam. Kanisa langu limenigharimu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemfundisha. Klachi, breki, mkono wa kushusha visu. Mambo ya chini ya kiti sikugusa. Ana kidaftari, anaandika kila neno langu, ananiita mzee kwa Kijaluo, "Jaduong' ngoja, rudia hapo." Mara ya pili tu alizunguka mti wa geti bila kuacha hata kishungi. Mimi kona hiyo ilinichukua mwezi.

Inaniuma. Niandike tu ukweli, hakuna mtu atasoma. Kumwona amekaa pale kunaniuma kama nimemkuta mtu kitandani kwangu.

Ijumaa, 9 Mei

Siku nzuri sana.

Nyarloka amezima chini ya Awino mara nne. Akipita kwenye tuta kidogo, pu, kimya. Anawasha, anaenda, pu. Wapishi walitoka nje kucheka. Mmoja akasema mashine inamjua mwenyewe. Nilipita na ndoo yangu kama sijasikia, lakini nilisikia vizuri.

Mimi najua kwa nini. Chini ya kiti kuna swichi. Mtu akikaa, kiti kinaibonyeza, injini inaendelea. Akiinuka visu vikiwa vinazunguka, injini inakufa hapo hapo. Nami mwaka juzi nilihamisha springi ya kiti kwenye tundu la watu wazito, kwa sababu ya mgongo wangu. Mimi nina kilo tisini na nne. Awino hata na nguo zake zote zikiwa zimelowa hafiki hamsini na tano. Akirushwa kidogo, swichi inadhani ameshuka.

Ningemwambia. Sikumwambia. Atajua hajui.

Jumatatu, 12 Mei

Sabato njema, Jumapili mbaya. Awino alikuja siku yake ya mapumziko, akamwosha Nyarloka kwa sabuni ya mashuka. Amesugua mpaka ile rangi ya chini imetokea, ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau. Madam akasema mbele ya watu wote, mmeona mtu anayejali?

Na Awino anasema "Nyarloka wetu". Wetu! Yawa, tangu lini?

Jumatano, 14 Mei

Ule ugonjwa wa kuzima ameshaugeuza kuwa kazi. Upepo huleta vipande vya nyavu za wavuvi hadi kwenye nyasi, vinasokotwa kwenye visu. Mimi hurudisha mkono, nazima, natoa ufunguo, nashuka. Yeye anainuka tu. Injini inakufa yenyewe, anashuka, anachomoa wavu, anarudi juu. Haraka kuliko mimi. Mwanamke huyu ana akili na ninamchukia kwa hilo.

Alhamisi, 15 Mei

Harusi ya keshokutwa ni kubwa, Madam amechoka na kuzimazima. Ameleta fundi wa umeme wa magari kutoka Migori mjini. Fundi kainua kiti, kaangalia, kakata nyaya mbili za swichi, kaziunga, katia tepu. "Nimepiga direct." Akaondoka.

Nyarloka hazimi tena. Tuta, shimo, ananguruma tu. Awino alipiga vigelegele. Madam akanigeukia: "Okoth, miaka kumi na moja na hii ilikushinda?" Kisha akasema mwisho wa mwezi ufunguo unakwenda kwa Awino moja kwa moja. Mimi nitashika mipira ya maji na maua ya mbele.

Mipira ya maji.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Yule muuzaji aliyeleta mashine aliniambia siku ya kwanza hiyo swichi ni ya nini. Ni ya vidole, alisema. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaangalia uso wa Awino, ulivyokuwa unang'aa, nikalimeza.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepita dobi kabla jua halijazama. Nilikwenda kumwambia, naapa. Zima kwanza, toa ufunguo, sasa haizimi yenyewe. Maneno hayo tu. Alikuwa anawaonyesha wenzake jinsi ya kukata kona, ameshika sinia kama usukani, wanacheka. Aliponiona akasema, "Karibu, Jaduong', njoo uwaambie nani aliyenifundisha."

Nikasema nimekuja kuchukua taulo. Nikachukua taulo nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui niandike vipi.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu: sasa yuko getini, sasa yuko ufuoni, kule kwenye nyavu. Katikati ya maombi nikainuka. Watu wote wamefumba macho, mimi natoka. Sijawahi. Nikapanda bodaboda, siku ya Sabato, na Biblia mkononi.

Nimechelewa. Nyarloka alikuwa amesimama kule chini, bado ananguruma, mstari umekatika katikati. Wavu ulikuwa umekaba visu, vikasimama. Awino akainuka, akashuka, injini inanguruma, visu vimetulia, akaona ni salama. Akavuta wavu. Fundo lilipoachia, kisu kikazunguka.

Vidole viwili, mkono wa kulia. Wapishi wamemfunga kwa kitambaa cha meza cha harusi, gari la bibi harusi limempeleka hospitali. Nimemzima Nyarloka mimi. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumsogelea.

Jumapili, 18 Mei

Madam amenipa ufunguo. Akasema: "Rudi kwenye kazi yako, Okoth. Wewe unaijua." Wafanyakazi wote wanasema hivyo, Okoth anaijua, kama Okoth angekuwepo.

Nimefungua kiti. Nimetoa tepu, nimerudisha nyaya za swichi. Nimerudisha springi kwenye tundu la watu wepesi. Nimeosha visu. Springi hiyo ningeirudisha Ijumaa ile ya kwanza, wapishi wakiwa bado wanacheka.

Nilichotaka nimepata. Nimekaa juu yake nikashindwa kuwasha.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Nyasi zimefika magotini. Madam ameuliza mara mbili. Nimesema betri. Betri ni nzima.

Wivu uliisha siku ile ile, kama maji ya ndoo iliyopasuka. Nilidhani ukiisha nitapumzika.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda Kisegi, kwao Awino. Nimebeba sukari na mkate. Mama yake akanifutia kiti, akaomba sala ndefu ya Kijaluo, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu wa binti yake, aliyeacha kanisa akamkimbilia. Niliinamisha kichwa mpaka mwisho.

Mama alipotoka kuanua omena, dagaa wa ziwa, nikamwambia Awino. Springi, uzito, muuzaji, taulo. Yote. Nilitaka anipigie kelele. Alikuwa anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umelala mapajani ukiwa na bendeji. Hakuacha.

Akauliza kama nimetengeneza. Nikasema nimetengeneza.

"Ilichukua muda gani, Jaduong'?"

"Dakika kumi."

Akasema, "Kumi." Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akaliweka kando. Halafu akaniambia chai yangu inapoa.