Taa ya Mkunga na Mtu wa Tatu

Shangazi mpendwa,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote tangu litokee, si baba, si bibi, wala rafiki yangu wa dawati moja ambaye huwa namsimulia mpaka ndoto. Nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu ukurasa wako wa gazeti ndio bibi hunituma nimsomee kila Jumapili, nami nimekuzoea kama mtu wa nyumbani. Naomba unisaidie kabla baba hajarudi.

Nina miaka kumi na sita na ninaishi na baba pamoja na bibi mzaa baba, ambaye masikio yake yamechoka, kwenye nyumba ya wapangaji watatu wanaotumia uwanja mmoja. Sehemu ya mbele anaishi mama mmoja mkunga, na ya nyuma anaishi dereva wa gari la mikate ambaye kila mtu humwita Mikate, hata mwenye nyumba akimwandikia risiti. Magari matatu hulala hapo uwanjani, la mkunga nyuma ya la baba na la Mikate pembeni. La baba ni zee na breki yake ya mkono haishiki, kwa hiyo baba huliegesha likiwa kwenye gia ya rivasi na jiwe mbele ya gurudumu ili lisiteremke. Kazini kwao walimtuma mbali kwa miezi miwili, akaniachia ufunguo akaniambia, "Kila asubuhi liwashe dakika kumi, betri isilale. Kanyaga klachi, toa gia, ndipo uwashe. Na usilisogeze hata hatua moja, umesikia mwanangu?" Nikasema nimesikia.

Wiki mbili za kwanza nilifanya kama nilivyoagizwa, halafu nikaanza kuingia garini na kitabu, kwa sababu ndani ya nyumba redio ya bibi hupigwa kwa sauti ya kuita watu msibani, na Jumamosi moja nilikuwa nimebakiza kurasa chache mno, kitabu nimekiegemeza kwenye usukani, mkono mmoja unafunua ukurasa na mwingine ukazungusha ufunguo, klachi sikuikanyaga na gia ilikuwa humo humo, gari likaruka nyuma likazima, nikasikia kitu kinapasuka, na taa ya mbele ya gari la mkunga ikavunjika na bampa yake ikabonyea. Bampa ya baba ni ya chuma, fundi aliichomelea akaipaka rangi nyeupe, ikabaki kama haikuhusika. Nilipotoa gia gari likateremka lenyewe hadi kwenye jiwe lake, kana kwamba linanisaidia kuficha. Nilifagia vipande vya kioo vilivyorukia upande wetu, nikaingia ndani, nikamaliza kile kitabu. Sikumbuki kiliishaje.

Gari la Mikate lilikuwa limeondoka alfajiri, na nalo ni jeupe, na kila siku hugeuza kwa shida pale uwanjani. Mkunga alipotoka na kuona bampa yake ina rangi nyeupe hakutafuta zaidi. Mikate aliporudi alimkuta anamsubiri.

"Mikate, umenigonga ukaenda zako."

"Mama mkunga, nimeendesha miaka kumi na tisa, sijawahi kugonga hata kuku."

"Kuku angekuwa na taa ungemgonga."

Mikate akacheka, maana wale wawili utani wao hauishi, yeye humwita mkunga Afisa Mapokezi, na mkunga humwambia mikate yake ni hewa iliyofungwa kwenye karatasi. Kisha akaona mwenzake hacheki.

"Na rangi hii imetoka wapi, Mikate? Kwenye unga?"

Nilikuwa bombani nakinga maji. Mikate akanigeukia. "Binti, wewe asubuhi huwa upo hapa. Uliniona nikigonga?"

Nikasema, "Sikuona, mjomba."

Shangazi, ni kweli sikumwona akigonga, na ndiyo maana jibu lile linaniuma kuliko ningesema uongo mzima.

Mkunga ana bima kubwa, lakini alipopiga simu aliambiwa kwamba akidai kwenye bima yake itabidi achangie sehemu ya kwanza ya matengenezo mwenyewe na apoteze punguzo analopewa kwa kutodai miaka yote, ila aliyemgonga akijulikana, bima ya huyo ndiyo itakayobeba. Akaandika barua kwa wenye kiwanda cha mikate. Wao wakamnyang'anya Mikate ufunguo mpaka jambo liishe, sasa anapanga kreti stoo, na nasikia wakiamua kuwa aligonga akakimbia watamwachisha kabisa. Huondoka kwa miguu alfajiri. Mkunga naye, kwa taa moja, hathubutu kuendesha kabla hakujapambazuka, naye huenda zamu kwa miguu na tochi. Wanatoka lango moja, dakika zile zile, na hawasemeshani.

Nilifungua droo ya baba nikasoma karatasi ya bima yake yote. Juu imeandikwa ni bima ya mtu wa tatu. Nikafikiri kwamba mtu wa kwanza ni baba mwenye gari, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yeyote mwingine anayelishika gari hilo, yaani mimi, nikafurahi kama aliyekuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, nikajiambia kumbe ninalindwa, hakuna haraka. Kurasa mbili mbele nikakuta kwamba bima haitahusika gari likiwa mikononi mwa mtu asiye na leseni. Je, kuwasha ni kuendesha? Je, ninyamaze, au nimngoje baba aseme ni yeye, au niache barua isiyo na jina? Hiyo barua nimeiandika mara saba, nikasahihisha sarufi mara saba, nikaichana mara saba. Baba hupiga simu kila jioni, huuliza, "Gari linawaka?" nasema linawaka, "Halina tatizo?" nasema halina.

Ni mimi,
Msomaji wa Bibi

*

Msomaji wa Bibi,

Pumua kwanza. Hakuna aliyeumia mwili, na taa inauzwa dukani. Ningekuwa na binti wa miaka kumi na sita aliyeachiwa gari bovu kila asubuhi peke yake, ningemkemea baba mtu kabla yake, na akirudi mwambie nimesema hivyo.

Sasa zamu yako. Wewe ni mtu wa vitabu, kwa hiyo barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu. Taa "ikavunjika", bampa "ikabonyea", gari "likaruka", gari "likateremka lenyewe". Katika barua nzima vitu vyote vina akili na miguu, mwenye mkono kwenye ufunguo haonekani. Lugha yetu ina mlango huo wa nyuma, nawe umeupitia kila ulipopata nafasi. Andika upya: nilivunja taa ya mkunga. Maneno manne. Yaseme kwa sauti mpaka yasikukabe.

Halafu hiyo bima yako. Mtu wa tatu si wewe, mwanangu. Wa kwanza ni baba yako, wa pili ni kampuni, hapo hukukosea, lakini wa tatu ni yule ambaye mali yake imeharibiwa na gari la baba yako. Ni mkunga. Ile karatasi uliyoikumbatia iliandikwa kwa ajili yake. Umechukua nafasi ya mwanamke anayekwenda kazini gizani na tochi, ukakaa humo ukajionea huruma.

Kosa la klachi ningelisahau leo hii, madereva wazima hulifanya. Kosa lako ni "sikuona, mjomba". Mtu alikuomba neno moja la kumwokoa, ukampa neno la kujiokoa.

Kwa hiyo usimngoje baba. Siku utakayosoma hapa, gonga mlango wa mkunga, na Mikate aitwe asikie, kwa sababu alisingiziwa mbele ya watu na asafishwe mbele ya watu. Sema ulichofanya, siku gani, na kwamba uliulizwa ukaficha. Usilie mpaka umalize kusema, ukilia mapema watakubembeleza wewe na shughuli itaharibika. Usiahidi malipo, hilo ni la baba. Siku hiyo hiyo mpigie simu. Yeye ndiye mwenye bima, na bima nyingi hutaka kupewa taarifa mapema hata kama mwishowe mtaamua kutengeneza wenyewe, kwa hiyo asome masharti yake na awaarifu. Kama kuwasha ni kuendesha, watajibu wao. Ninyi waelezeni ilivyokuwa, bila kupunguza wala kuongeza. Fundi aangalie taa na bampa aandike makadirio. Ikiwa ni kazi ndogo, baba na mkunga wanaweza kuelewana bila kupitia bima, ila wayaandike, wasaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake, maana ujirani mwema husahau haraka.

Baba akikuambia atasema ni yeye aliyewasha, mkatalie kwa adabu. Hapo mtakuwa mmetoka kwenye ajali mkaingia kwenye udanganyifu, na kampuni ikigundua, taa itakuwa ndiyo tatizo dogo kuliko yote.

Mwisho, andika barua kwa wenye kiwanda, kwa jina lako kamili, uipeleke kwa mkono. Hiyo iandike mara moja tu. Sikuahidi kwamba mtu atakushukuru. Huenda wakakununia mwaka mzima, nawe utaishi nao kwenye uwanja huo huo ukiwasalimu.

Nakungoja uniambie umefanya nini, si umejisikiaje.

Shangazi wa Jumapili

*

Shangazi,

Ni mwezi sasa. Uliniambia nikuambie nilichofanya.

Gazeti lilipotoka nilimsomea bibi barua zote, yangu nikairuka, kisha nikarudi nikamsomea na yangu. Ilibidi nipaze sauti, nadhani mkunga alisikia kabla sijagonga mlango wake. Alifungua akiwa na sare, tayari kwa zamu. Mikate alikuja na taulo begani. Nikasema yale maneno manne na mengine yote.

Mkunga aliniangalia mpaka nikaangalia chini. "Wiki tatu, binti. Wiki tatu unaniamkia kila asubuhi, shikamoo mama, na mimi naitikia."

Mikate alisema, "Nilikuuliza."

Nikasema, "Uliniuliza, mjomba."

Mkunga akamwambia, "Mikate, nisamehe," naye akasema sawa, lakini alilisema akiwa ameshageuka kwenda ndani, na utani wao haujarudi.

Baba nilimpigia jioni ile. Alisema, "Usiseme na mtu. Nikirudi tutasema mimi ndiye niliyewasha."

"Baba, wewe uko huko. Kazini kwenu wote wanajua."

"Basi tutasema nilikuja mara moja."

"Nimeshawaambia, baba."

Salio likaisha. Keshoye alinipigia mwenyewe akaniambia amewaarifu watu wa bima, kama ilivyokuwa. Walimjibu kwamba kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwa asiye na leseni, watauliza mengi na huenda wasilipe. Fundi alipoangalia alisema taa iliyotumika itafaa na bampa itanyooshwa. Baba aliporudi waliandikiana na mkunga, wakasaini, na taa imewekwa. Ni ya njano kidogo kuliko mwenzake. Baba hanikaripii. Ufunguo anaondoka nao mfukoni, na jioni hana cha kuniuliza.

Barua ya kiwandani niliiandika mara moja, nikaipeleka nikiwa na sare ya shule. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Akauliza nina miaka mingapi, nikamwambia. Akasema, "Umechelewa, mama. Njia yake ameshapewa dereva mwingine, na yule naye ana watoto. Hatutamwachisha, lakini atabaki stoo mpaka gari lipatikane." Nikauliza lini. Akasema hajui.

Nilirudi nikamweleza Mikate maneno yale kama yalivyosemwa, bila kuyalainisha. Alikuwa amekaa mlangoni anapiga kiwi viatu. Akauliza, "Aliisoma mpaka mwisho?"

"Aliisoma mpaka mwisho."

"Haya." Akachukua kiatu cha pili.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda tena kiwandani baada ya shule. Msimamizi hakuwepo. Nilikaa kwenye benchi la wageni mpaka walipofunga ofisi, nikamwachia mlinzi barua ya pili ya kumwombea Mikate gari, na mwisho wake, kwa ruhusa ya baba, nikaandika namba yake ya simu. Ijumaa hii nakwenda tena.