Mstari nyuma ya dungu la bibi

Kibiti, Jumanne usiku

Sijamwambia mtu yeyote kwamba shamba la bibi liko ndani ya hifadhi ya mikoko. Nimeliona leo kwenye ramani.

Kaka Shaweji amerudi likizo kutoka chuo kikuu, akanifungulia tovuti ya maktaba yao. Nikapata humo programu ya ramani ya bure na mipaka ya misitu ya delta. Mtandao ulikatikakatika mpaka macho yakaniuma. Nilitaka kujifunza tu. Tangu nimalize kidato cha nne nimechoka kukaa bure.

Nikaweka mipaka juu ya picha ya setilaiti. Dungu letu, kile kichanja cha kuamia ndege wasile mpunga, nikalijua kwa turubai lake la bluu. Mstari wa hifadhi umepita nyuma yake, na shamba lote limo ndani. Wanaolima humo huondolewa.

Kaka akachungulia. "Mtaalamu, umeona nini?"

"Bado inafunguka," nikamjibu, nikafunga.

Jioni bibi akapiga simu kutoka shambani, na utani wake wa siku zote juu yangu na babu. "Mke mwenzangu, mpunga unatoa masuke! Njoo uamie ndege, acha kumng'ang'ania mume wangu huko nyumbani."

Nikacheka kidogo.

Labda mstari umechorwa vibaya. Kesho nitamwandikia mkutubi nimuulize ramani ni ya mwaka gani, bila kutaja kijiji. Nikimwambia kaka atamwambia baba, na baba hajui kunyamaza.

Wewe unayesoma haya, tafadhali, nyamaza nami. Bibi avune kwanza.