Sauti Yangu Waliyoiacha

Kaka Deo,

Wimbo wetu sasa unaimbwa karaoke. Najua ungecheka, wewe uliyesema karaoke ni kazi ya walevi wasio na gitaa. Tangu bodaboda ikuangushe ukitoka kupiga gitaa harusini Msanzi, kila tunayekutana naye anauulizia. Ndipo fundi wa studio pale Katandala akatengeneza biti isiyo na sauti yako, watu waimbe wenyewe.

Yako ameifuta, yangu ya kuitikia ameiacha. Hilo lilinitoa machozi kuliko kaburi lako. Gitaa linapiga, nafasi yako iko kimya, halafu mimi naingia. Pale ulipokuwa unauliza, "Nani alifunga mlango?" hakuna anayeuliza, ila mimi najibu, "Ni baba." Nilimsikiliza huyo dada anayejibu asichoulizwa, nikamwonea huruma.

Baba mdogo aliposikia alikuja nyumbani Izia mbio. Alitaka jibu lifutwe, au basi liwe "Ni dunia." Eti mzee wetu atapitaje mjini huku walevi wanamtaja? Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema sina adabu, na kweli, shikamoo yangu siku hiyo ilikuwa fupi. Lakini kaka, usiku ule baba alipotufungia mlango tulilala jiko la nje na baridi ile ya Juni, ukanitia miguu kwenye gunia la ulezi, ukaniimbia nisisikie mama akilia ndani. Dunia haikuwepo pale. Nilimwambia fundi asiguse kitu.

Moyoni niliogopa, sikufichi. Baba amezeeka, anatembelea fimbo, na tangu mama atutoke mimi ndiye ninayempikia. Niliogopa akiusikia atakufa, nibaki na makaburi matatu ya kupalilia.

Aliusikia. Jumapili baada ya misa alinifuata ukumbi wa karaoke, watu wanakula mishikaki, akaomba maiki. Nilidhani ataitupa. Unajua anavyosoma taratibu. Maneno yakawa yanapita kwenye televisheni, naye yuko nyuma, na watu wakaanza kucheka. Ilipofika nafasi yako akauliza, sauti inakwaruza, "Nani alifunga mlango?" Spika ikamjibu kwa sauti yangu, "Ni baba." Kicheko kikakatika. Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakunisubiri. Aliacha kusoma, akaniangalia mimi, akasema, "Ni mimi."

Spika nayo ikasema, "Ni baba." Tukagongana.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele na fimbo yake. Sijamsamehe yote, Deo, na usinisukume. Nilisonga ugali kule kule jiko la nje, upepo unavuma kama unavyoujua. Nilipotoka na sufuria nikamkuta amesimama mlangoni mwa nyumba, ameushika mlango kwa mkono mmoja usijifunge. Nikamwambia aingie ndani, baridi itamuua. Hakusogea mpaka nilipoingiza chombo cha mwisho.

Nilitaka ulijue hilo, maana wimbo ni wako.

Lala salama, kaka. Nakuahidi jibu halifutwi nikiwa hai. Na huko uliko, ukiuliza, uliza kwa nguvu. Mimi nipo, naitikia.

Mdogo wako,
Skola