Keki ya Mayai Kumi na Mawili

Jumatano, 4 Agosti 1993

Kuku wa jirani yangu Adija wamekufa wote. Kumi na mmoja! Kideri. Jana walikuwa wanasinzia, leo asubuhi miguu juu. Nimemsaidia kuchimba shimo nyuma ya choo. Anawafukia huku anawataja mmoja mmoja kama ndugu. Na mimi nikiwa na jembe mkononi ndipo nikakumbuka — mayai yangu!

Siku kumi zimebaki Yasinta avishwe pete. Mdogo wangu wa pekee. Nimemlea tangu yuko darasa la pili, wazazi walipotutoka kule Mvumi. Baba ni mimi, mama ni mimi, na keki naoka mimi.

Jioni nimepita sokoni. Hasani, yule anayeleta mayai kwa baiskeli, anasema huko Bahi hakuna hata jogoo wa kuwika. Ajabu ya nchi hii. Miaka ile tulipanga foleni ya sukari, foleni ya unga, na kuku walitaga mpaka chini ya kitanda. Sasa maduka yamejaa — siagi ya kopo, arki ya vanila, biskuti za Uarabuni — yai hakuna!

Alhamisi, 5 Agosti

Mama William kanifuata ofisini, mbele ya mashine yangu ya chapa. Mama wa mchumba. Jina lake Bi Generosa, lakini nani athubutu kulitaja. Nikainuka, shikamoo mama. Marahaba. Kaja kukagua maandalizi.

Kwao Bukoba, anasema, keki ya heshima ni mayai kumi na mawili. Chini ya hapo ni mkate. Nikamwuliza, na William? Maana Yasinta aliniambia hali mayai. Mama akashusha sauti. Alikuwa na miaka minne, akapewa kipande cha yai la kuchemsha, uso ukamvimba kama andazi, pumzi ikawa inakata. Wakamkimbiza hospitali. Tangu siku ile hajaonja keki. "Siku hiyo atagusisha mdomoni tu, apigwe picha. Mayai ni kwa ajili ya wageni."

Halafu, mlangoni kabisa: "Na tafadhali binti, usije ukatuwekea ile mboga yenu ya kuvutika. Wageni wangu watashindwa hata kushika kijiko."

Nimecheka. Meno tu.

Jumamosi, 7 Agosti

Mchana nimekula ugali kwa mlenda. Bibi yetu wa Mvumi kaniletea kikopo cha ule wa kukausha na kutwanga. Nimenyanyua tonge, uzi ukanifuata mpaka usawa wa pua. Nikabaki nautazama. Ute. Ute wa mlenda. Ute wa yai. Kiswahili chenyewe kimeshasema!

Nikaruka. Vijiko viwili vya mlenda, maji ya uvuguvugu, nikapiga kwa uma mpaka ukatoa povu — povu kabisa! Unga, sukari, siagi, baking pauda, arki. Sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Nikakaa kwenye kigoda kama mkunga.

Imeumuka! Imeumuka kweli. Ila ni ya kijani. Kijani cha sare ya mgambo.

Nimemwita Adija. Akafumba macho, akatafuna, akafikiri. Kwa maoni yake, ukifumba macho ni keki, ukifumbua ni majani.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya ibada nimerudi vitani. Safari hii mlenda nimeuchuja kwa kitambaa safi, nikatupa majani, nikabaki na ute mtupu. Nimeongeza ndizi mbivu mbili za kuponda na sukari ya kuunguza, ili rangi iwe ya kahawia.

Haya. Laini. Ya kahawia, ukiibonyeza inarudi juu. Adija kala vipande vitatu. Kisha: "Ina mayai mangapi hii?"

"Kumi na mawili."

Tulicheka mpaka kanga yake ikaanguka. Nimemwapisha. Kasema kwa kuku wake marehemu, hatasema.

Bi Generosa ataula mlenda. Kwa uma! Na ataomba wa pili!

Jumanne, 10 Agosti

Yasinta amenifuma na kitambaa cha kuchujia. Nikadhani atakasirika, au atalia kwamba namharibia uchumba. Nikamweleza yote. Hakucheka. Akakikunja kile kitambaa, halafu: "Dada, kwa hiyo William anaweza kula."

Sikuwa nimefikiria hilo! Mimi nilikuwa nafikiria mzaha wangu tu. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mpima ramani wa serikali, hajui keki ina ladha gani.

Yasinta atamnong'oneza wakati wa kulishana. Sufuria nimeisugua kwa mchanga mara tatu, isije ikawa na yai la zamani limejificha kwenye kona. Uma mpya. Bakuli jipya. Hapo sifanyi mchezo.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimechoka, miguu imevimba, lakini lazima niandike.

Pete imeingia. Yasinta kapendeza, gauni la mtumba lakini nani angejua. Wageni sitini. Keki ghorofa mbili, sukari nyeupe juu, maua ya waridi ya karatasi. Mama William kaizunguka kama anakagua nyumba ya kununua. Akanikonyeza, ati kumi na mawili? Nikamkonyeza pia. Kumi na mawili, mama.

Ikafika kulishana. Yasinta kakata, kamsogelea, kamnong'oneza. Nikamwona William anageuza macho ananitafuta. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akafungua mdomo — na akala! Akatafuna. Akameza. Ukumbi wote unapiga makofi, mama yake peke yake kasimama mkono mdomoni. William akachukua kipande cha pili yeye mwenyewe. Cha tatu. Machozi yalimtoka yule kijana. Keki tu!

"Tema! Tema, mwanangu!" Mama kamrukia na leso. William mdomo umejaa, anatikisa kichwa. Makofi yakakatika. Tukamtazama sote kama tunatazama chungu jikoni. Dakika tano. Kumi. Uso ni uleule. Pumzi ileile. Akaomba kingine.

Mama akakaa chini polepole. Akaomba kipande chake. Kisha kingine. Nimemhesabu, vitano. Kanishika mkono kaniambia tangu aje Dodoma hajala keki laini kama hiyo.

Nimeingia stoo nikacheka peke yangu ndani ya gunia la unga.

Jumapili, 15 Agosti

Balaa.

Mama William amesimama leo kwenye kikundi chao cha maombi na kutoa ushuhuda. Miaka ishirini na mitatu nimemwombea mwanangu, anasema, na jana mbele ya watu sitini amekula mayai kumi na mawili akapona. Watu wakaruka. Vigelegele. Wapo waliolia. Yasinta alikuwepo, ndiye kanisimulia, uso umempauka. Na William? Alisimama pembeni ya mama yake. Alifanya nini? Kasema amina.

Amina!

Nimejaribu kucheka. Kicheko kidogo kimetoka, kikakatika.

Jumatano, 18 Agosti

William kaja jioni, kofia mkononi. Habari mpya. Jumapili ijayo ni ibada ya shukrani. Mzee Eliakimu, kiongozi wa kikundi, kasema ushuhuda uthibitishwe. William atasimama mbele ya wote na kula yai. La kuchemsha. Zima.

Nikamwambia, mwambie mama yako leo hii. Akaitazama kofia. "Shemeji, sema wewe. Mimi namwogopa mama."

Nikasema aseme Yasinta. Yasinta kasema, mimi bado hata sijaolewa nianze kugombana na mama mkwe? Aseme Adija, yeye ni jirani tu. Tukamwita Adija. Kasema yeye ameapa kwa kuku.

Tumezunguka hivyo mpaka chai ikapoa. Watu wazima wanne, tumeshindwa kulitamka neno moja. Mlenda.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimekwenda kwa Mama William baada ya kazi. Njiani nimejipanga vizuri: mama, nina jambo. Nimefika, sebule imejaa wanawake wamekuja kumpongeza. Mmoja katoka mbali, ana mtoto anayebanwa na kifua. Kamleta ili Mama William amwekee mkono.

Nimekunywa soda. Nimerudi.

Hapo mzaha wangu umekwisha, nauona umekwisha. Yule mtoto alikuwa anakoroma kama sufuria ya maharage. Mama yake kamtazama Bi Generosa kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Niliwaza kuhusu uchumba wa Yasinta tu. Kumbe kuna wengine wanakula keki hii bila kujua.

Kesho nitasema. Lazima.

Jumamosi, 21 Agosti. Saa nane mchana

Sikumfuata. Kanifuata yeye! Saa nne asubuhi, hodi, Mama William na trei zima la mayai kichwani, thelathini, yameletwa kwa basi kutoka Morogoro. Kavaa kitenge cha jikoni. Tuoke pamoja keki ya kesho, anataka kujifunza mkono wangu.

Shikamoo mama, karibu mama, keti mama. Akachukua bakuli. Akagonga yai la kwanza. Akaniuliza, unaanza na ute au kiini?

"Mama, ile keki haikuwa na yai hata moja."

Akadhani natania. "Ilikuwa na nini?"

"Mlenda."

Nilingoja kelele. Majirani wangetoka. Hakupiga kelele. Alikuwa na yai la pili mkononi, akalirudisha kwenye trei taratibu, kwenye tundu lake lilelile. "Mlenda," akasema. Kisha kama mtu anayehesabu: "Nilikula vipande vitano."

Nikamwonyesha kikopo. Akachovya kidole, akatia ulimini. Nikaanza kuomba msamaha, kideri, Hasani, heshima, maneno ya siku ile ofisini yalivyoniuma. Akanikatisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Adija wa jirani."

"Na?"

"Yasinta."

"Na?"

Nikatazama makaa. "William, mama. Alijua kabla hajala."

Akakaa juu ya kinu. Naweza kusema mlenda alishaumeza, na angeumeza hata ungekuwa ndoo nzima. Hili halikupita. Wiki nzima, akasema, amesimama pembeni yangu. Wiki nzima ananiitikia amina. Mwanangu wa kumzaa ananiacha nijiaibishe mbele za watu, na kesho angekula yai akafa, kuliko kuniambia mama umekosea. Kisha akaniuliza swali, naye alitaka jibu: "Mimi natisha hivyo?"

Nikasema kidogo, mama.

"Kidogo?"

Sana, mama.

Akacheka! Mara moja tu, puani. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Yule mama mwenye mtoto wa kifua, akasema, amelala kwake tangu jana. Atamwambia nini? Nikamwambia tutampeleka hospitali ya Mvumi Jumatatu, namfahamu muuguzi pale, nitaomba ruhusa kazini. Akatikisa kichwa, ndiyo. Hiyo kwanza.

Kisha akasema nichemshe yai moja.

Nikadhani ana njaa. Nikachemsha. Akalitia kwenye sahani peke yake, akalifunika kwa kawa, akamtuma Yasinta akamwite William, na asimwambie lolote. Kwangu akasema, wewe ingia chumbani, usitoe hata kikohozi. Nataka nijue nimezaa mtu gani. Na yeye ajue ana mama gani.

Nikamwambia mama, ni hatari! Akasema anajua hatari ile kuliko mimi, yeye ndiye aliyembeba mgongoni usiku ule mpaka hospitali.

Ndiyo maana naandika nikiwa kitandani, pazia tu katikati yetu.

Baiskeli inagonga ukuta. Ameingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo."

Kiti kimelia. Kawa imefunuliwa.

"Kesho ni mbele za watu," mama anasema, sauti laini, ile ya kutisha. "Nimeona uanze leo, mbele yangu peke yangu. Au una neno?"

Sema, kijana. Sema! Yasinta kasimama mlangoni, kanga kaing'ata kwa meno.

Kupitia upenyo wa pazia naona mkono wa mama mezani, umbali wa vidole vitatu na sahani, tayari kulinyakua yai. William halioni hilo. Analitazama yai tu.

"Kula, mwanangu."

Analitazama. Amelichukua. Analigonga mezani, polepole.

Anamenya —