Picha Nilizozing'arisha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekupa nafuu. Sisi huku ugenini tunapumua, ila siwezi kuandika kwamba hatujambo. Nitakuwa nakudanganya, na uongo umetosha.

Kasuku wako, huyu mdogo wangu, amenyamaza. Yule mtoto uliyekuwa ukimwomba akupumzishe masikio, sasa ni wiki ya tatu hata salamu anaitikia kwa kichwa. Darasani kwao ni yeye peke yake mwenye rangi yetu. Wenzake wana kundi lao kwenye simu, na humo wamekuwa wakimwita nyani, wakibandika sura yake kando ya sufuria yenye masizi na kumuuliza kama huwa anaoga. Watoto wa miaka kumi na minne, mama! Nimemkuta bafuni akijisugua mikono kwa jiwe langu la miguu mpaka damu.

Nilikwenda shuleni na aproni yangu ya saluni, hasira zimenipanda. Mwalimu mkuu akaniambia kwa upole kwamba huo ni utani wa watoto, na simu si mali ya shule. Nikamuuliza kama wake angefanyiwa hivyo naye angeuita utani. Akatazama saa. Nilitamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe.

Daktari anayemwona kila Jumanne amesema ukimya huu ni ugonjwa, si deko, na unatibika. Kwake ndiko Kasuku alikofungua mdomo, na alichosema kilinihusu mimi.

Picha za wateja huwa nazing'arisha kabla ya kuziweka kwenye ukurasa wa saluni. Siku niliyomsuka Kasuku, yake nayo niliipunguza weusi. Wale watoto wakaiweka kando ya picha yake ya shule, wakaandika kwamba hata dada yake anamwonea haya. Mbele ya daktari akaniuliza nilianza lini. 

Jibu nakupa wewe kwanza, maana nimejikasirikia kuliko ninavyowakasirikia wao. Nilianza mwaka ule ule tuliofika huku. Picha zetu zilizo ukutani kwako nilizing'arisha kabla ya kukutumia, mama. Zote.

Ndani ya bahasha kuna moja ambayo sijaigusa. Kasuku ameichagua mwenyewe. Hacheki, lakini ni yeye. Zile zitoe, uweke hii.

Nisalimie baba mdogo na majirani wote wanaoniulizia.

Mimi mwanao wa kwanza,
Msusi