Ishara ya Nyota za Kwanza

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na mgongo wako umetulia. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu bado tunaziacha getini. Ujumbe mmoja tu ukitumwa karibu na madishi yetu, unafunika yale tunayoyasikiliza.

Hunitania kwamba nalipwa kusikiliza redio. Basi hujakosea sana. Tuna madishi mia mbili uwandani, yameunganishwa yawe sikio moja kubwa. Yanatafuta mawimbi ya redio yaliyotoka kwenye gesi ya haidrojeni wakati nyota za kwanza kabisa zinaanza kuwaka, zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu iliyopita. Kuyapata ni kama kumsikia mtu akinong'ona kando ya mashine ya kusaga. Kazi yangu ni kuondoa kelele, moja baada ya nyingine, nione kama kuna kinachobaki.

Mwezi wa tatu kikabaki: bonde dogo kwenye mchoro, palepale tulipoitarajia ishara ya nyota hizo. Nililia mbele ya kompyuta. Mwenzangu wa dawati, yule ninayemwita Pacha kwa jinsi tulivyokuwa chanda na pete, alinikumbatia. Kesho yake ukapiga simu getini kwamba mama amezidiwa na ananiulizia. Pacha akanisihi nisiende. Eti jambo kama hili halimjii mtu mara mbili, na nikiondoka wengine watalimaliza kwa jina lao. Siku ya nne mama akafariki.

Jumatatu iliyopita mkuu wetu alituita wote ukumbini, akafungua bahasha iliyokaa kabatini mwake tangu mwaka uanze. Akaeleza, bila hata kukohoa, kwamba ishara ile ilikuwa ya kutengenezwa. Ndiyo desturi ya kazi hii: mtu mmoja hupewa siri ya kupachika ishara bandia kwenye data, ili ijulikane kama sisi wachambuzi tunaweza kuiona ya kweli ikija. Aliyeipachika ni Pacha. Wenzangu wakanipigia makofi kwamba nimefaulu mtihani.

Nilimfuata hadi stoo ya nyaya, nikamuuliza aliwezaje kuniacha nimkose mama kwa ajili ya nyota alizozichora mwenyewe. Akajibu kwamba alikula kiapo, na kwamba ningeondoka jaribio lingeharibika. Kaka, nimesalitiwa, na inauma. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani wanawasema watu wengine. Sijamsemesha tangu siku ile, wala sina mpango.

Limebaki moja, na nimelizunguka ukurasa mzima. Nilikuambia mkuu amenikatalia ruhusa. Ukanitetea msibani mbele ya shangazi, ukamlaani mtu wa watu kwa sauti. Mkuu hakukataa. Aliisaini siku ileile uliyopiga simu, hata gari akanitafutia. Nililirudisha mimi. Pacha alinishauri tu, hakunifunga kamba. Mama aliniita nikiwa huru kuja, na sikuja.

Msalimie wifi, nibusie watoto. Shangazi naye mpe salamu zangu, umpe na ukweli. Usinitetee tena.

Ni mimi, mdogo wako.