Karatasi Zilizokaa Darini

Kwa mjukuu wangu Oresta,

Pokea salamu zetu kutoka Mwimbi. Bibi yako angali anaumwa miguu. Madhumuni ya barua hii ni kulijibu swali lako: kwa nini msome somo kabla ya kipindi, ilhali mhadhiri yupo?

Wawekezaji walipoanza kuruhusiwa, nami nikiwa kijana, mmoja aliomba bonde letu la maharage. Karatasi zake zililetwa kwangu wiki moja kabla ya mkutano wa kijiji, kwa kuwa nilisifika kwa kusoma. Niliziweka darini juu ya jiko, pamoja na mbegu, nikiamini afisa ardhi wa wilaya angetusomea kama ilivyokuwa desturi.

Afisa alifika, akasema, “Wazee wangu, karatasi mnazo. Maswali?”

Baba yangu akanigusa kiwiko. “Haya, msomi, si uulize!”

Nikasema hatuna swali. Katibu wa mkutano akaandika kwamba tumeridhia.

Jioni ndipo nilipozisoma. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba kijiji kina haki ya kukataa. Baba alifariki akiwa kibarua katika bonde lake mwenyewe, na tangu siku ile hakuniita msomi tena.

Kwa heshima, naomba uamuzi wako kwa maandishi: utasoma kabla ya kuingia darasani, au hutasoma?

Ni mimi babu yako.